Huyu, Huyo na Yule: Uashiriaji katika Historia ya Sarufi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Neno "mnazi" halibadiliki maana kwa kutamkwa Lamu au Kilwa, asubuhi au usiku. Maneno "mimi", "leo", "huku" na "huyu" hayako hivyo. Barua iliyoandikwa Unguja na kusomwa Maskati majuma matatu baadaye, ikisema "huku mvua imeanza leo", haimwambii msomaji kwamba mvua inanyesha Maskati siku anapoifungua. Msomaji hana budi kujua ni nani aliyeandika, akiwa wapi, na siku gani. Jambo hili, yaani maana ya neno kukamilishwa na muktadha wa mazungumzo, ndilo linaloitwa hapa uashiriaji.

Mhadhara huu unahusu vionyeshi, ambavyo ni sehemu moja tu ya uwanja huo. Kiswahili kina safu tatu za vionyeshi: huyu, huyo na yule. Mafunzo mengi ya shule huzieleza kuwa ngazi tatu za umbali: karibu, mbali kidogo na mbali sana. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba maelezo hayo ni finyu, kwamba wanasarufi wa awali waliona zaidi ya hayo, na kwamba ufinyu huo una gharama yake nje ya darasa.

2. Ushahidi wa lugha nyingine

Tofauti ya msingi ilikwishaelezwa katika karne ya 2 baada ya Kristo na Apollonius Dyscolus, mwanasarufi wa Kigiriki wa mji wa Aleksandria. Alitenganisha kukionyesha kitu kilichopo mbele ya wasemaji na kukirejelea kitu kilichokwisha kutajwa. Kazi hizi mbili zaweza kufanywa na neno moja, lakini si kazi moja.

Kilatini kilikuwa na safu tatu. "Hic" ilielekea upande wa msemaji, "iste" upande wa msikilizaji, na "ille" kwa kilicho nje ya wawili hao. Kipimo hapa si idadi ya hatua, bali ni wahusika wa mazungumzo. Kijapani nacho kina "kore", "sore" na "are", ambapo "sore" huonyesha kilicho karibu na msikilizaji na pia hurejelea kilichokwisha kutajwa. Kiingereza sanifu cha leo kimebaki na jozi moja tu, "this" na "that", na hivyo nafsi ya pili haina kionyeshi chake peke yake.

Historia inaonyesha pia kwamba vionyeshi havitulii mahali pamoja. "Iste" ilizaa "este" ya Kihispania, ambayo sasa huonyesha kilicho karibu na msemaji. "Ille" ilipungukiwa na nguvu ya kuonyesha, ikazaa "le" ya Kifaransa na "el" ya Kihispania, vijineno vinavyotangulia nomino kudokeza kwamba kitu kinachotajwa kinajulikana.

3. Kiswahili mikononi mwa wanasarufi

Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, alizieleza safu tatu bila kuzipanga katika mstari mmoja wa umbali. Ya kwanza aliihusisha na vitu visivyo mbali, ya tatu na vitu vilivyo mbali, na ya pili na vitu vilivyokwisha kutajwa. Mwaka 1944 E. O. Ashton aliipanua hoja hiyo kwa kuonyesha kwamba -o ya urejeleo imeenea katika sarufi nzima ya Kiswahili.

Umbo la maneno linaunga mkono hoja hiyo. Ile -o inayofunga "hicho" ndiyo iliyomo katika "kilichoanguka", "ndicho" na "nacho". Katika mifano yote hiyo, -o hukirejelea kitu ambacho msikilizaji anacho tayari katika fahamu zake. Ndiyo maana mtu humwambia mwenziwe "nipe kikombe hicho", akimaanisha kilichomo mkononi mwa mwenziwe, hata kama wameketi bega kwa bega. Na ndiyo maana husema "habari hiyo nimeisikia", ingawa habari haina umbali.

Nafasi ya kionyeshi nayo ina uzito. "Mzee yule" huweza kuandamana na kidole. "Yule mzee", katika usimulizi wa hadithi, aghalabu huwa ni mzee ambaye hadhira imekwisha kumjua. Njia iliyopitwa na "ille" inaonekana hapa pia, japokuwa Kiswahili hakijaifuata hadi mwisho.

Mwaka 1934 Karl Bühler alieleza kwamba msemaji aweza kuashiria hata vitu vilivyomo katika mawazo tu. Mwaka 1985 Robert Leonard, akichunguza vionyeshi vya Kiswahili, alitoa hoja kwamba kinachopimwa ni kiasi cha uzingativu anaotakiwa kuutoa msikilizaji, si umbali. Kwa mtazamo huo haishangazi msimulizi kumwita "huyu" mhusika asiyekuwapo kabisa.

4. Gharama ya maelezo finyu

Maelezo ya umbali yana mvuto wake. Ni mepesi kuchorwa ubaoni, tena yana ukweli, kwa kuwa huyu na yule hutofautiana kwa umbali mara nyingi. Kinachopotea ni huyo.

Hasara huonekana mahakamani. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi mashahidi walisema Kiswahili huku kumbukumbu za mahakama za ngazi ya juu zikiandikwa kwa Kiingereza, hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Tuseme shahidi amekwisha kuwataja watu wawili, kisha anasema: "Huyo alishika panga, yule alisimama mlangoni." Kwa Kiingereza wote wawili huweza kuwa "that one", na mwenye panga asijulikane. Hata kumbukumbu ya Kiswahili haiponi pasipo uangalifu: "alinipiga hapa" haina maana kwenye karatasi mpaka karani aongeze kwamba shahidi ameonyesha bega la kushoto.

5. Hitimisho

Mwanafunzi wa vionyeshi anahitaji maswali matatu zaidi ya lile la umbali: kitu kiko upande wa nani, kimekwisha kutajwa, na je, msikilizaji anakijua? Steere na Ashton waliyagusa maswali hayo kabla ya vitabu vingi vinavyotumika madarasani kuandikwa. Kuyarudisha katika ufundishaji ni kuirudishia safu ya pili kazi yake, kwa manufaa ya mfasiri, karani na hakimu, ambao husoma maneno bila kukiona kidole.