Urithi kutoka nje katika sheria za kodi za Marekani

Urithi kutoka nje, katika sheria za kodi za Marekani, ni fedha au mali ambayo mlipa kodi wa nchi hiyo ameachiwa na marehemu asiyekuwa raia wala mkazi wake. Kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato. Hata hivyo, ikizidi dola 100,000 katika mwaka mmoja, mrithi anapaswa kuitolea taarifa kwa mamlaka ya mapato (IRS) kwa kujaza Fomu 3520.

Wanaohusika ni raia wa Marekani popote wanapoishi, wenye kadi ya kijani, na wageni waliokaa nchini humo siku za kutosha kuhesabiwa wakazi. Kwa hiyo sheria inamgusa Mkenya mwenye kadi ya kijani anayerithi shamba la babake huko Nakuru. Inamgusa pia mtu aliyezaliwa Marekani wazazi wake wakiwa masomoni, hata kama amekulia Nairobi na hajawahi kufanya kazi Marekani.

Fomu 3520

Wajibu huu uliwekwa na sheria ya mwaka 1996, ili mapato yaliyokwepa kodi yasiingizwe nchini kwa jina la zawadi au urithi. Fomu hutumwa peke yake, si pamoja na ritani ya kodi, na hapo ndipo wengi hupotea. Tarehe ya mwisho ni 15 Aprili, au 15 Juni kwa wanaoishi nje. Anayeomba nyongeza ya muda hupewa hadi 15 Oktoba. Ardhi na nyumba huhesabiwa kwa thamani yake, sawa na fedha taslimu.

Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 5 ya urithi kwa kila mwezi, mpaka asilimia 25. Aliyerithi shamba la dola 200,000 akachelewa miezi mitano anaweza kudaiwa dola 50,000, ingawa kodi yenyewe ilikuwa sifuri. Ni adhabu kali mno kwa kosa la karatasi. Kwa miaka kadhaa ilitozwa moja kwa moja fomu iliyochelewa ilipopokelewa. Oktoba 2024 mkuu wa IRS, Danny Werfel, alitangaza kwamba maelezo ya mrithi yatasomwa kwanza. Sheria yenyewe haikubadilika.

Akaunti za benki

Mwenye akaunti nje ya Marekani ambazo jumla yake ilipita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka hujaza Fomu 114, inayopelekwa kwa idara nyingine, FinCEN. Msimamizi wa mirathi anayeweka sahihi kwenye akaunti ya marehemu huhusika pia, hata kama fedha si zake. Mwaka 2023, katika kesi ya Bittner, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba asiyekusudia kosa atozwe adhabu kwa kila taarifa ya mwaka, si kwa kila akaunti.

Baada ya kurithi

Kodi ya nyumba inayolipwa na wapangaji ni mapato, na hutangazwa kila mwaka. Nyumba ikiuzwa, faida hupimwa kuanzia thamani yake siku ya kifo, si bei aliyonunulia marehemu. Hivyo makadirio ya mthamini ya wakati huo yana faida kubwa. Urithi ukitoka kwa tajiri aliyewahi kuukana uraia wa Marekani, mpokeaji anaweza kutozwa asilimia 40.