Samaki Aliyekuja na Leseni

Mwezi mzima kabla ya kwenda Naivasha, nilikuwa navua samaki kwenye nyasi. Nilikuwa naweka karai la kufulia uani, nahesabu hatua kumi na tano, halafu narusha. Mwishoni mwa mshipi nilifunga nati ya baiskeli badala ya ndoana, nisije nikamtoa mtu jicho. Siku za kwanza nati iliangukia kila mahali isipokuwa ndani ya karai: kwenye paa la banda la kuku, kwenye mchaichai, na mara moja mgongoni mwa mbuzi. Kufikia wiki ya tatu, kati ya mirusho kumi nilikuwa naingiza sita.

Kugo wangu alitoa kiti akaja kutazama. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hilo karai lina samaki?"

"Halina, kugo. Nafanya mazoezi. Kuna mashindano."

"Mashindano ya kukamata samaki?"

"Ndiyo. Unamkamata, anapimwa, halafu unamrudisha majini."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: alipokuwa kijana alifukuzwa mtoni Kiptiget kwa sababu ya samaki. Yeye hakuwa hata na ndoana. Alikuwa amepeleka ng'ombe kunywa maji, na askari wa mto akamwambia ng'ombe wanavuruga maji ya samaki wa Wazungu.

"Na wewe hukuwatamani hao samaki?"

"Mimi ni mtu wa maziwa," akasema.

Nilirudi kwenye karai langu, lakini siku hiyo nati haikuingia hata mara moja. Nilikuwa najiuliza: samaki gani huyo aliyekuwa na askari wake?

Jibu linaanzia mbali na Kericho. Mwaka wa 1905, Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven kule Scotland. Mayai yalivuka bahari, yakapanda reli, yakapelekwa hadi milima ya Aberdare na kuanguliwa kwa ajili ya Mto Gura. Trauti hakuwa wa Afrika Mashariki. Anataka maji baridi yanayokimbia juu ya mawe, na mito yetu ya milimani ilikuwa na hayo yote. Miaka michache baadaye akaletwa trauti mwingine, yule mwenye ubavu wa rangi ya upinde wa mvua, na wote wawili wakasambazwa mto hadi mto.

Inafaa kumkumbuka Grogan kwa jambo lingine pia. Machi 1907, miaka miwili tu baada ya samaki wake, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Alifungwa kwa muda mfupi, basi. Siyaweki mambo haya mawili pamoja ili kusema trauti ana hatia. Nayaweka pamoja kwa sababu ni mtu mmoja, miaka ileile, na fikira ileile: kwamba nchi hii ni shamba jipya, mwenye nguvu analipanga apendavyo, nani aondoke na nini kiletwe.

Huku kwetu mpango huo ulikuja na majani chai. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani walipewa ardhi ya Kericho walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka na mradi ukafa. Miaka ya 1920 Brooke Bond wakaingia na chai, na kampuni ya James Finlay ikafuata. Wakipsigis waliokuwa wakiishi na kuchunga kwenye vilima hivyo walisukumwa kwenye hifadhi za wenyeji. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria maalum ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho. Familia nzima zilipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Kesi hiyo haijaisha. Mwaka wa 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu Wakipsigis na Talai.

Sasa tazama ramani ya maji. Kiptiget, Itare, Kimugu, Chemosit na Kipsonoi inashuka kutoka upande wa Mau, inapita kwenye chai au kando yake, inakutana na kuwa Sondu, na Sondu inaingia Ziwa Victoria. Trauti aliwekwa kwenye mito ya juu, ile ya baridi. Wasimamizi wa mashamba walimvua Jumapili. Hoteli ya Tea ya Kericho, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, iliwapangia wageni safari za kwenda mtoni. Kulikuwa na leseni, kulikuwa na kiasi cha samaki unaoruhusiwa kuchukua, na kulikuwa na njia moja iliyohesabika kuwa ya kiungwana: fimbo, mshipi na nzi bandia aliyefungwa kwa unyoya. Aliyevua kwa kikapu au kwa nyungunyungu ili apike aliitwa mwizi. Aliyevua kwa unyoya ili ajifurahishe aliitwa mwanamichezo.

Lakini mito hii ilikuwa na samaki wake kabla ya meli yoyote kutia nanga Mombasa. Kule chini Waluo wanawajua kwa majina: ningu na fwani. Ningu hupanda kutoka ziwani kuingia mitoni mvua inapofika, kwenda kutaga. Huyo hakuwekewa leseni wala klabu. Alipopungua kwa sababu ya nyavu zilizofunga midomo ya mito, hakuna hoteli iliyohuzunika.

Samaki niliyekuwa nikimfanyia mazoezi si trauti. Ni besi, yule mwenye mdomo mpana, mzaliwa wa Amerika Kaskazini. Naye alikuja kwa mkono wa mtu. Mwaka wa 1929 aliletwa kutoka Marekani na kutiwa Ziwa Naivasha, kwa ajili ya watu waliotaka samaki wa kupigana naye kwenye mshipi. Miaka michache kabla yake, 1925, ngege walikuwa wamewekwa humo. Kabla ya hao wote, Naivasha ilikuwa na samaki mmoja tu wa asili anayejulikana, mdogo wa kutoshea kiganjani, ambaye hakuwa na cha kumfaa mvuvi wala mpishi. Baada ya 1962 hakuonekana tena. Besi ni mmoja wa wanaolaumiwa zaidi, kwa sababu besi hula chochote kinachoingia mdomoni mwake, na mdomo huo hauna mipaka.

Kwao Marekani, besi ametengenezewa mchezo mzima. Mwaka wa 1967 muuza bima wa Alabama aitwaye Ray Scott aliwakusanya wavuvi 106 kwenye Ziwa Beaver, Arkansas, kila mmoja akilipa dola 100 kushindana. Mwaka uliofuata alianzisha chama chao, na mwaka wa 1971 mashindano yao makubwa ya kwanza yalifanyika Ziwa Mead, mshindi akichukua dola 10,000. Mwaka wa 1972 Scott alianza kuwasukuma wavuvi warudishe samaki majini wakiwa hai. Rekodi ya dunia ya besi, kilo 10 na ushee, iliwekwa na George Perry kule Georgia mwaka wa 1932, na ilikaa bila kufikiwa hadi 2009, Manabu Kurita alipovuta mwingine wa uzito huohuo Ziwa Biwa, Japani. Nilizisoma habari hizi kwenye simu usiku, stima ikiwa imepotea, nikijiambia kwamba kama Japani waliweza, na sisi tunaotoka kwenye chai tutaweza.

Mashindano yetu hayakuwa na dola. Tulikuwa vijana kumi na mmoja, wa Kericho, Bomet na Nakuru, tuliojuana kwenye simu. Kila mtu alitoa shilingi mia tano, mbali na nauli na kibali cha kuvua. Sheria zilikuwa tatu: besi pekee ndiye anayehesabiwa, samaki watatu bora wa kila mtu wajumlishwe uzito, na samaki aliyekufa apunguziwe alama.

Mazoezi ya karai yalinifundisha mkono, lakini hayakunifundisha besi. Huyu si samaki wa kukimbizwa. Anajificha kwenye kivuli, chini ya mafunjo au kando ya gogo, anangoja mjinga apite. Kwa hiyo lazima chambo kianguke hatua moja kutoka kwenye mafunjo, si tatu. Halafu unakivuta polepole na kukiachilia, kama kitu kinachoumwa. Nilijaribu wiki mbili kwenye bwawa moja upande wa Bomet, lenye ngege tu, nikijifunza kuhisi tofauti kati ya nyasi kwenye ndoana na mdomo kwenye ndoana. Nyasi inavuta kwa uzito mmoja. Mdomo unagonga.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kwa mashua mbili za kukodi, ukungu ukiwa bado juu ya ziwa. Kufikia saa tatu sikuwa nimepata kitu. Saa tatu na nusu mshipi ulikaza, fimbo ikapinda, wenzangu wakaanza kupiga kelele. Nilipambana naye dakika kadhaa, mikono ikitetemeka. Alipotokea alikuwa mnene, mwenye magamba makubwa ya dhahabu na ndevu fupi mdomoni. Ni yule wanayemwita kapu. Hahesabiwi.

Mzee aliyekuwa akituendesha alicheka. Alisema besi alikuwa mwingi zamani. Sasa ziwa ni la kapu. Na ni kweli: kapu aliingia Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1990, na ndani ya miaka michache ndiye aliyejaza nyavu. Mwaka wa 2001 uvuvi ulifungwa kwa mwaka mzima ili ziwa lipumue. Mgeni wa 1929 alikuwa amempokea mgeni mwingine, na safari hii hakuna aliyemwekea klabu.

Nilipata besi mmoja tu, saa tano, wa nusu kilo hivi. Aligonga vilevile nilivyoambiwa atagonga. Nilimshika kwa mdomo wa chini, nikaona ile taya pana na mstari mweusi ubavuni, na nakiri nilifurahi kama mtoto. Hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kuandika historia hii kwa hasira peke yake. Najua alivyofika. Najua alichokula. Bado mkono wangu ulitetemeka kwa raha. Nikampima, nikamrudisha. Nikawa wa saba.

Njiani kurudi, matatu ilipoanza kupanda kuelekea Mau, niliwaza kuhusu trauti wa huku kwetu. Trauti ana udhaifu ambao besi hana: maji yakipata joto, yakijaa udongo, anakufa au anahama. Msitu wa Mau ulikatwa sana, na mto unaotoka kwenye msitu uliokatwa hushuka ukiwa rangi ya chai ya maziwa. Sheria ya kikoloni ilimlinda samaki dhidi ya ng'ombe wa kugo wangu. Haikumlinda dhidi ya msumeno. Aliyemfahamu yule samaki kwa leseni tu hakuwa na haja ya kujua maji yake yanatoka wapi.

Mashamba yenyewe yanabadilisha wenyewe. Majina niliyokua nayakuta kwenye mageti yameuzwa na kununuliwa, na mashine za kuchuma majani zimechukua kazi za watu, mpaka mwaka wa 2023 zikachomwa moto kwenye maandamano. Katika mabishano hayo yote ya ardhi, kazi na hisa, sijasikia mtu akiuliza mito itakuwa ya nani. Mimi ningependa iulizwe sasa, kabla ya kutokea askari mwingine. Sitaki mto ufungwe kwa ajili ya samaki wa mtu, na sitaki uachwe ufe kwa sababu samaki wake alikuja na mkoloni. Maji yanayompa trauti pumzi ndiyo yanayomwezesha ningu kupanda, na ndiyo ng'ombe wanayokunywa.

Nilifika nyumbani usiku. Kugo alikuwa bado macho, redio ikiongea peke yake.

"Umeleta wapi samaki?"

"Nilimrudisha, kugo."

Alinitazama muda mrefu, kama anavyomtazama ndama asiyetaka kunyonya. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Akaishika mbali na macho, akaigeuza, akairudisha.

"Huyu siye wa Kiptiget."

"Siye. Wa Kiptiget ni trauti. Na bado anavuliwa kwa leseni."

Akanyamaza. Nilidhani amelala. Kisha akauliza, "Hiyo leseni ni pesa ngapi?"