Fedha ya Rupia, Karati ya Dhahabu

Askari aliyepokea mshahara wake Kismayu mwaka 1919 alihesabiwa rupia za Bara Hindi. Kila rupia ilikuwa na uzani wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzani huo sehemu 917 zilikuwa fedha halisi. Mwaka 1920 Uingereza ilileta florini, yenye uzani ule ule, lakini fedha yake nusu tu. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo fedha yake ilikuwa robo. Shilingi mbili zilikubaliwa badala ya florini moja. Dukani, tofauti haikuonekana. Lakini mwenye kuzipeleka shilingi mbili kwa sonara, apate kufuliwa kikuku, hakupata hata gramu 4 za fedha halisi, ilhali rupia moja ingalimpa zaidi ya gramu 10.

Katika mwambao huu hasara hiyo haikuwa ndogo, kwa kuwa sarafu ndiyo iliyokuwa akiba, na akiba aghalabu ilivaliwa na wake na mabinti. Ndiyo sababu reale ya Maria Theresa ilidumu. Iwe imepigwa Vienna, Rome, London au Bombay, ilichapwa mwaka ule ule wa 1780, na fedha yake ilibaki sehemu 833. Waitalia walipotengeneza reale yao wenyewe mwaka 1918 kwa ajili ya Eritrea, watu waliikataa. Na Waitalia hao hao ndio waliokabidhiwa Kismayu na Jubaland yote mwaka 1925.

Swali la rupia na shilingi ndilo linalomkabili leo anayenunua dhahabu ya mahari. Dhahabu ya karati 24 ni halisi tupu. Ya 22 ina sehemu 916 katika 1,000. Ya 21 ina 875. Ya 18 ina 750. Tarakimu hizo hupigwa muhuri ndani ya pete au kwenye kifungo cha mkufu. Muhuri, hata hivyo, waweza kupigwa na yeyote mwenye nyundo. Sonara mwaminifu husugua pambo juu ya jiwe jeusi, akadondosha tindikali juu ya alama iliyobaki, na mnunuzi ana haki ya kusimama hapo atazame. Kupima uzani majini hufichua shaba iliyopakwa dhahabu, lakini hakufichui tungsteni, ambayo uzito wake unakaribia sana ule wa dhahabu.

Katika almasi neno karati lina maana nyingine kabisa: ni uzani, gramu 0.2. Mlanguzi hupenda wateja wasiojua tofauti hiyo. Vyeti navyo ni vya aina mbili. Cheti cha maabara hueleza uzani, rangi, usafi na mkato wa jiwe lililokwisha kuchongwa. Cheti cha Kimberley, kilichoanza kutumika mwaka 2003 baada ya vita vya Angola na Sierra Leone vilivyogharimiwa kwa almasi, huandamana na shehena ya almasi ghafi tu inapovuka mpaka, na hakisemi lolote juu ya ubora. Polisi au mlinzi wa bandari anayeonyeshwa cheti cha Kimberley cha pete iliyokwisha kutiwa jiwe ana sababu ya kumzuia mwenye pete na kumhoji.