Mnara Unaoelea: Walioshinda Ni Waliopunguza Chuma

Wasee, tunapenda kushare picha za mapanga makubwa ya upepo baharini. Mimi nasema tunaangalia upande usiofaa. Stori yenyewe iko chini ya maji.

Mwaka 1972, profesa Mmarekani William Heronemus, aliyewahi kuwa mhandisi wa meli za jeshi la majini, alipendekeza mitambo ya upepo ielee bahari kuu. Wazo fiti, lakini likakaa kwenye makaratasi miaka mingi.

Kumbe waliolifufua ni watu wa mafuta! Mwaka 2009, Statoil ya Norway (siku hizi Equinor) iliweka Hywind karibu na Karmøy: mtambo mmoja wa megawati 2.3 juu ya bomba la chuma lililozama mita 100 hivi. Chukua chupa, tia mchanga chini, iweke majini. Ukiisukuma, inarudi wima. Ndiyo hiyo. Mwaka 2011 Ureno ikapata WindFloat, yenye nguzo tatu zilizoachana. Hiyo ni akili ya ngalawa na mbao zake za pembeni: upana ndio unaozuia kupinduka.

Sasa sikia hii. Upepo ukizidi, kompyuta ya mtambo hugeuza mapanga ili yapunguze msukumo. Nchi kavu haina noma. Lakini mnara unaoelea ukiinamia mbele, mapanga yanahisi upepo mkali zaidi, yanageuka, msukumo unapungua, na mnara unazidi kwenda mbele. Unaanza kuyumba kama bembea. Dawa haikuwa kuongeza chuma. Ilikuwa kuandika upya programu ya kudhibiti mapanga.

Ndiyo maana Hywind Scotland ya 2017, karibu na Peterhead, inanivutia. Kila mtambo, kati ya mitano, una megawati 6, yaani nguvu imepanda mara 2.6. Uzito unaoelea umepanda kidogo kuliko hapo, kutoka takriban tani 5,300 hadi 12,000 hivi, na bomba limekuwa fupi, halifiki mita 80 ndani ya maji.

Ukubwa peke yake haukuokoa mtu. Baada ya maafa ya 2011, Japani iliweka mtambo wa megawati 7 nje ya Fukushima. Haukulipa, ukaondolewa.

Na usidhani historia hii ni safi. Hywind Tampen, mitambo 11 ya Norway, inapeleka umeme kwenye visima vya mafuta na gesi. Waliotufundisha kuelea bado wanachimba.

Kwa hivyo ukiona kichwa cha habari kinachojigamba kuhusu mtambo mkubwa zaidi duniani, uliza maswali mawili: umetumia chuma kiasi gani kwa kila megawati, na umeme unaenda kwa nani? La kwanza wahandisi wanaendelea kulijibu. La pili si lao pekee, ni letu pia.