Mashine Isiyojua Kungoja

Wasee wa Eastlands, kuna somo lilinila doo, na leo nawapea bure.

Mwaka jana nilinunua jenereta ya mawimbi, mtumba. Si ile ya kumwagia petroli stima zikipotea. Hii ni ya mezani. Unaichomeka kwa soketi inakutolea mawimbi ya umeme: ya mviringo, ya pembetatu, ya mraba. Niliiona kwa labu ya campo kabla niache masomo, nikaamini inaweza kila kitu. Beshte yangu, fundi wa Kariobangi Light Industries, alitaka kupima injekta za gari juu ya meza. Nikamwambia, "Buda, niachie hiyo."

Tulifeli. Hapo ndio nikaanza kusoma historia.

Rudi mwishoni mwa miaka ya 1930. Bill Hewlett na Dave Packard, ndani ya gereji huko Palo Alto, Marekani, walitengeneza bidhaa ya kwanza ya kampuni yao, 200A. Kazi yake ilikuwa kutoa mlio safi wa kupimia vyombo vya sauti. Disney ikanunua 8 za toleo la 200B kwa ajili ya filamu ya Fantasia, iliyotoka 1940. Shika hapo: mashine ya kupimia sauti lazima iimbe bila kupumua. Baadaye zikaja zenye pembetatu na mraba, lakini tabia ikabaki. Ndani, kapasita inajazwa, inafika kikomo, inamwagwa, inajazwa tena. Haimuulizi mtu.

Sasa injekta. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma tu, tuseme ni mizunguko 800 kwa dakika. Injekta inafunguka mara moja kila mizunguko 2, yaani kila milisekunde 150. Na inakaa wazi kama milisekunde 3 tu. Hiyo ni asilimia 2 ya muda. Nobu yangu ya kupunguza upana wa mraba inashuka hadi asilimia 20, inagota. Asilimia 20 ya 150 ni 30. Mara kumi ya tulichotaka!

Na hiyo ndio ilikuwa shida ndogo. Injekta inafaa kufunguka sensa ikisema, si mashine ikijisikia. Yangu ina tundu la kuingizia volti, nikadhani ni la triga. Kumbe linabadilisha kasi ya wimbi tu.

Dawa ilikuwa chipu ya 555, ya bei kama ya chapo mbili. Hans Camenzind aliibuni 1971 kwa kandarasi ya kampuni ya Signetics, ikaingia sokoni 1972. Ukiiunga kwa njia ya pigo moja, inakaa kimya ikingoja. Mguu wa 2 ukishuka chini ya theluthi ya volti, inatoa pulsi moja, inanyamaza. Upana wake ni 1.1 mara rezista mara kapasita. Tuliweka kilo-omu 27 na mikrofaradi 0.1, tukapata karibu milisekunde 3. Tukaongeza transista, juu chipu peke yake haiwezi kusukuma injekta. Chunga tu triga iwe fupi kuliko pulsi, la sivyo haizimi kwa wakati.

Mwaka huohuo wa 1972, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu Kenya. Ilisema mafundi wadogo, hawa tunaowaita jua kali, wanazalisha vitu vya maana, na serikali iwasaidie badala ya kuwahangaisha. Watu walikuwa wanapima fundi kwa sura ya kibanda chake. Mimi nilirudia kosa hilohilo: nilipima kifaa kwa wingi wa nobu.

Sisemi jenereta ya mawimbi ni mbaya. Ukipima ampli ya mathree, hiyo ndio yako. Na kuna za kisasa zinazoweza kutoa wimbi moja kila zikipewa triga. Lakini kabla ulipe, uliza maswali matatu: Ina tundu la triga? Inaweza kutoa pulsi moja ikanyamaza? Upana unashuka hadi wapi?

Muuzaji akikosa jibu na kuanza kukuonyesha vile taa zinawaka, rudisha simu mfukoni. Hiyo M-Pesa haiendi.