Tarehe ya Pamba ya Assam na Amri ya Momai Tamuli

Nguo ya pamba ya Assam ina wenyewe, nao ni wanawake wa bonde la Brahmaputra, kaskazini-mashariki mwa India. Mwanzo wa ufumaji wao hakuna aliyeushuhudia, lakini aliyeufanya kuwa wajibu wa kila nyumba anajulikana kwa jina na kwa cheo: Momai Tamuli Barbarua, mtu wa Pratap Singha, mfalme wa dola ya Ahom ya Assam, aliyetawala tangu 1603 hadi 1641. Siku hizi wengi humtaja kwa sababu tu alimzaa Lachit Borphukan, shujaa wa vita vya Saraighat vya 1671. Huko ni kumpunja. Baba ana sifa zake, hata asingepata mwana.

Wazee wasimulia kwamba jina lake la awali lilikuwa Sukuti, kwamba alizaliwa fukara na kuwekwa rehani kwa ajili ya deni. Mfalme akamwona ni mtu wa akili na uaminifu, akampa mashamba ya popoo ayatunze, kisha akampandisha hadi akawa Barbarua, yaani mkuu wa utawala, wa kwanza katika nchi. Akavipanga vijiji upya na kuwagawia watu kazi zao. Mwaka 1639 ndiye aliyewekeana mkataba wa mipaka na Allah Yar Khan, jemadari wa dola ya Mughal.

Lakini kazi yake kubwa ni ile amri. Wasema kila mwanamke mwenye nguvu aliagizwa asokote kiasi chake cha uzi kabla jua halijachwa, na aliyezembea aliadhibiwa. Pamba ilishuka kutoka milima ya Garo na Karbi, fupi ya nyuzi na ngumu kidogo, ikibadilishwa kwa chumvi, mchele na samaki wakavu katika masoko ya chini ya vilima. Ikachambuliwa, ikasokotwa, ikatandwa nyumbani. Tangu hapo kitanda cha mfumi kikawa sehemu ya nyumba ya Assam kama lilivyo jiko, na msichana aliyefika umri wa kuolewa pasipo kujua kufuma akawa fedheha kwa mama yake.

Wapo wanaompinga. Hao husema mwanzilishi ni mfalme Dharma Pala wa karne ya 11, aliyezihamisha familia 26 za wafumaji kutoka Tantikuchi, huko Barpeta, akazikalisha Sualkuchi. Habari hiyo haikanushwi hapa. Ila Sualkuchi ni mji wa hariri, na kwa karne nyingi ufumaji wake ulibaki mikononi mwa jamii ya wafumaji ya Tanti, hadi karne ya 20 ndipo wengine walipoingia kwa wingi. Familia 26 haziwezi kuivisha nchi nzima. Dharma Pala alileta mafundi. Momai Tamuli ndiye aliyemfanya mke wa mkulima kuwa fundi. Kwa upande wa pamba, dai hilo halina mshindani.

Na hapa haifai kupita bila kuitaja kabosh kapor, nguo ya kinga, ya zamani kuliko amri hiyo. Mume akiitwa vitani, mkewe alipaswa kuichambua pamba, kuisokota na kuifuma nguo hiyo ndani ya usiku mmoja, alfajiri isimkute hajamaliza. Mwaka 1532, jeshi la Turbak, jemadari wa Bengal, lilipoivamia nchi, jemadari Phrasengmung Borgohain alikwenda vitani bila nguo hiyo, kwa kuwa mkewe Mula Gabharu alikuwa katika siku zake na mila ilimkataza kuifuma. Phrasengmung akauawa. Mula Gabharu akachukua silaha, akaenda kupigana hadi naye akaanguka. Wazee wa Assam wakisimulia hayo hawasemi kwamba ni ajali. Wao husema ni ile nguo iliyokosekana.

Tuirudie biashara. Waingereza waliitwaa Assam kwa mkataba wa Yandabo na Burma wa 1826, na uzi wa viwanda vya kwao ukafuata. Uzi wa kusokota kwa mkono ukashindwa bei, lakini vitanda vya mfumi havikufa, kwa maana havikuwahi kutegemea soko. Gandhi alipozuru Assam mwaka 1921 alistaajabu kuona jinsi wanawake wa huko walivyokuwa mafundi wa kufuma. Wala mafundi hao si wa kabila moja: Waboro wana dokhona, vazi la wanawake, na aronai, skafu yao; Wamising wana gadu, blanketi zito.

Hadi leo mambo ni hayo hayo. Sensa ya ufumaji wa mkono ya 2019–20 ilikuta kaya za wafumaji zaidi ya milioni 1 katika Assam, nyingi kuliko jimbo jingine lolote la India, na nyingi kati yake hufuma kwanza kwa matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo mfanyabiashara anayetaka kusafirisha gamosa, kile kitambaa cheupe chenye pindo jekundu, au mekhela chador, vazi la wanawake la vipande viwili, nje ya nchi hana kiwanda cha kupelekea oda. Anawaendea wafumaji vijijini kupitia kikundi, ushirika au dalali. Anapeleka kata za uzi, nyingi zikitoka viwanda vya India ya kusini, maana tofauti ndogo ya unene wa uzi au ya rangi huharibu mzigo wote. Kazi husimama msimu wa kupanda mpunga. Kuelekea sikukuu ya Bohag Bihu, katikati ya Aprili, kila gamosa huwa imeshapata mwenyewe, kwani mila inataka wazee na wageni wapewe. Mnunuzi wa ng'ambo asiyejua kalenda hiyo atangoja sana, kisha atamlaumu mfumaji bure.

Ugomvi mkubwa wa zama hizi ni gamosa za mitambo ya umeme. Zilijaa madukani Guwahati, nyeupe zenye pindo jekundu vilevile, kwa bei ambayo mwanamke wa kijijini hawezi kuishusha bila kula hasara. Mwaka 2017 taasisi moja ya kazi za mikono ya Golaghat iliomba gamosa itambuliwe kisheria kuwa mali ya Assam, na Desemba 2022 hati ikatoka. Tangu tarehe 1 Machi 2023 serikali ya jimbo ikaanza kutekeleza marufuku ya kuuza gamosa, mekhela chador na aronai za mitambo, ikiitegemea sheria ya 1985 inayowahifadhia wafumaji wa mkono aina hizo za nguo.

Marufuku hiyo ni ya haki, lakini haifiki nje ya mipaka ya India. Huko lango linalindwa na anayenunua na anayesafirisha. Basi mwenye kuagiza nguo hizi adai alama ya ufumaji wa mkono, aulize jina la kijiji na la kikundi kilichofuma, na alipe sehemu ya fedha kabla uzi haujatandwa, ili mfumaji asikope kwa dalali. Asiyetaka gharama hizo anunue ya mtambo na aiite ya mtambo, asiuze kwa jina la wanawake wa Assam.