Kibiti Haikuanza 2017

Ukitaja Kibiti mbele ya vijana wa Dar, utaulizwa habari za "watu wasiojulikana" tu. Ni kama historia ya kule ilianza 2017. Hebu wasomaji wangu turudi nyuma kidogo.

Delta ya Rufiji, upande wa pili wa Mafia, ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Kwa wenyeji, hapo ndipo penye mpunga, samaki, kamba na boriti. Wageni wao waliona maficho. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikarudi kujificha deltani ikiwa na mitambo mibovu. Waingereza waliizingira hadi walipoimaliza tarehe 11 Julai 1915. Vitabu vinawakumbuka makapteni. Wanavijiji waliokuwa katikati ya mizinga hawatajwi.

Baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji. Serikali ya Mwalimu iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya ujamaa huko juu, ili wapate shule na zahanati na waepukane na maji. Nia ilikuwa njema. Ila maji hayohayo ndiyo yaliyorutubisha mashamba yao, ndiyo maana wengi waliendelea kushuka bondeni kulima na kulala kwenye madungu yao.

Sasa tuje kwenye 2016 na 2017. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na polisi waliuawa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa mara moja. Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji. Mwananchi wa kawaida akabanwa pande zote: huku anamwogopa muuaji, huku anaogopa kushukiwa kuwa ndiye. Zipo familia zilizolalamika kwamba ndugu zao walichukuliwa na hawakurudi.

Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo alitoweka Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo akiwa palepale Kibiti. Hajaonekana tena.

Mimi ni mwandishi, hilo linanigusa. Tangu enzi za Mjerumani, habari za delta zimesimuliwa zaidi na watu waliokwenda kule kumsaka mtu. Azory alikuwa anaishi kule. Alipotoweka, sisi wa mjini tulibakiwa na uvumi, na kwa uvumi huo bado tunamshuku kila anayejitambulisha kuwa ametoka Kibiti. Hiyo si haki.